Muulize Shangazi: Mama alikuwa mpanda farasi, kaka hataki tuandike

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwezi ujao unatimia mwaka tangu mama yetu atangulie mbele ya haki. Watoto wote wanne tumekubaliana tusome dua nyumbani Makorora, kisha tutoe tangazo la kumbukumbu lenye picha na maneno machache. Kuandika nimepewa mimi kwa kuwa ni mwalimu, na hapo ndipo tulipokwama.

Mama alizaliwa Lushoto mwaka 1948. Babu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwenye shamba la mzungu mmoja kule juu, na mama alikulia zizini. Alipanda farasi kabla hajajua kusoma, tena bila tandiko, akiwapeleka mtoni kunywa maji. Baada ya Azimio la Arusha yule mzungu aliuza vyake akaondoka. Mishahara ya babu ilikuwa haijalipwa, basi akamwachia farasi jike mmoja mwekundu. Mwaka 1969 mama aliolewa na baba, ambaye alikuwa mtu wa reli, akamshusha yule farasi kutoka Lushoto mpaka Mombo usiku, na kutoka Mombo wakaja Tanga ndani ya behewa la mizigo. Wazee wa Ngamiani wanalisimulia mpaka leo.

Farasi alikufa mwaka 1977. Baada ya hapo mama alifuga punda wa kubeba maji na mchanga, na kila mwaka alikwenda Kilimanjaro Magharibi kwa miezi kadhaa kuwafundisha farasi wachanga kupandwa. Baba alipofariki, pesa hiyo ndiyo iliyotusomesha. Lakini Shangazi, sitakuficha. Siku nyingi nilizomhitaji hakuwapo. Mahafali yangu ya darasa la saba yalimkuta huko, anasubiri farasi wa watu azae. Niliimba shairi langu mbele ya mama za wenzangu.

Mtaani walisema ana majini. Kabla ya Magharibi wanyama lazima wawe ndani, moshi wa makumbi unafuka, na hakuna ruhusa ya kufungua banda mpaka jua litoke. Tena alikuwa na tabia ya kulaza sikio ubavuni kwa punda, anyamaze kimya. Watu wakasema anazungumza nao.

Kaka mkubwa anasema tuandike "mama mlezi, mcha Mungu na mfanyabiashara", yatosha. Habari ya farasi itachekesha watu, na mwanamke kupanda mnyama kwa kutanua miguu si jambo la kutangaza. Mimi naona tukiyatoa hayo tutabaki na mama wa mtu mwingine. Niandikeje?

Nimeambatanisha picha ya studio. Mtoto mwenye kanzu aliyepakiwa juu ya farasi ni huyo huyo kaka, siku aliyotoka jandoni, mwaka 1976. Aliyeshika hatamu ni mama.

*Mwalimu, Makorora, Tanga*

JIBU: Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu mama yenu na amsamehe alipokosea.

Nianze na kaka, maana la kaka ni jepesi. Picha ninayo hapa mezani. Huyo mtoto amekaa juu ya farasi kifua mbele kama liwali, kofia imemzidi kichwa, na uso hauna hata chembe ya aibu. Usibishane naye kwa maneno. Mpelekee picha, mkae wawili tu, muulize siku ile nani mwingine mtaani alitolewa jandoni juu ya farasi. Najua jibu lake. Ukimaliza kumuuliza mwambie hiyo ndiyo picha itakayotoka kwenye tangazo, si ile ya kitambulisho ambayo marehemu wote hutazama kama wamekamatwa.

Kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kupiga chapa, hapo karibu na posta ya zamani, na matangazo ya misiba na kumbukumbu ndiyo yaliyoninunulia mchele. Wote walikuwa wacheshi. Wote walikuwa wakarimu na wapenda watu. Nimempigia hivyo hata bwana mmoja ambaye Ngamiani nzima ilijua hatoi chumvi. Maneno hayo si mabaya, ila hayamshiki mtu. Ukimfuta jina ukaweka la jirani, tangazo linabaki sawa. Mama yako, kwa namna ulivyomwandika kwenye barua hii, hafutiki jina. Umeshaandika nusu ya kazi mwenyewe, na nusu nzuri.

Sasa la majini. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi watu wa Tanga tuna sifa ya kuona jini kila penye mtu anayejua jambo tusilolijua.

Kuna ugonjwa wa farasi hapa Afrika ambao hauna simile. Farasi anaamka na homa, anavimba juu ya macho, povu linamtoka puani, na mara nyingi siku chache zinatosha kumzika. Hauambukizwi kwa kugusana. Unaletwa na usubi, wale wadudu wadogo ambao hata chandarua cha kawaida hawakijali, na usubi huuma zaidi kuanzia jua linapozama mpaka linapochomoza. Chanjo ipo, lakini kinga ya kwanza ya saisi yeyote mwenye akili ni hiyo hiyo ya mama yako: wanyama ndani kabla ya Magharibi, moshi, mlango usifunguliwe mpaka asubuhi. Punda ugonjwa huo huwa hauwadhuru sana. Kwa hiyo baada ya 1977 angeweza kulegeza. Hakulegeza. Mkono uliofundishwa na babu ulikuwa umeshazoea.

Na ile safari ya usiku kutoka Lushoto? Mlimani kuna baridi, ndorobo, yule nzi anayeua mifugo kwa maradhi, hakai. Ukishuka ukaingia nyika ya Mombo uko kwao, na ndorobo huuma mchana. Wafugaji wa zamani walivusha mifugo kwenye mapori ya namna hiyo usiku kwa sababu hiyo hiyo. Binti wa miaka ishirini na moja, bibi harusi, ameshika kamba ya farasi gizani kwenye zile kona za Soni, bonde liko upande mmoja. Hilo usiliache, hata kama utaacha mengine yote.

Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliposhuka kufuata mto Pangani na reli ya Usambara kuwafukuza Wajerumani, farasi walikufa kwa maelfu, na waliouawa na risasi walikuwa wachache kuliko waliouawa na ndorobo na maradhi. Jeshi lile lilikuwa na matabibu wake wa wanyama. Mama yako alimweka farasi mmoja hai Makorora kwa miaka minane, ana mkono na moshi wa makumbi. Mwambie kaka hilo nalo, atapunguza aibu.

Nikumbushe jambo ambalo vijana wa Tanga hawalijui. Mji wetu huu ulikuwa na taasisi ya utafiti wa ndorobo, na humo ndorobo walifugwa kwa mamilioni, madume yakaondolewa uzazi kwa mionzi na kurushwa kwa ndege juu ya Unguja, mpaka mwaka 1997 ikatangazwa kwamba Unguja haina ndorobo tena. Kila nikisoma habari hiyo sasa nitamfikiria mama yako na farasi wake mwekundu, waliotangulia miaka ishirini kabla.

Sikio ubavuni nalo lina maelezo. Farasi hana uwezo wa kutapika. Akila kibaya, kinapita au kinamuua. Saisi anasikiliza tumbo: likinguruma, alhamdulillahi. Likinyamaza, ndipo mtu anatafuta kamba, anamwamsha mnyama, anamtembeza usiku kucha asije akajibwaga na kugaragara. Hakuwa anazungumza na punda. Alikuwa anasikiliza. Jaribu kukumbuka: mlipougua tumbo ninyi watoto, hakulaza sikio kwenu vile vile? Sina ushahidi, ila ningeweka dau kwenye hilo. Waulize na wadogo zako. Kama ni kweli, liandike hivyo hivyo bila kulipamba.

Tuje kwenye mahafali, ambako nadhani ndiko barua yako ilikokuwa inakwenda tangu mstari wa kwanza.

Naweza kukuelezea kilichomzuia. Farasi hubeba mimba miezi kumi na moja hivi, lakini hatabiriki, anaweza kuwahi au kuchelewa kwa wiki nzima na zaidi. Huzaa usiku mara nyingi, kana kwamba anasubiri watu walale. Mtoto anatakiwa asimame ndani ya saa moja au mbili na anyonye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, mapema, la sivyo anakosa kinga na unampoteza. Anayelipwa kusimamia jambo hilo haachi banda akapande basi kwenda kusikiliza shairi. Angeondoka, mwaka unaofuata wangemwita mtu mwingine, na ada ya kidato cha kwanza ingetoka wapi?

Hayo ni kweli yote, na bado ulisimama mbele ya mama za wenzako bila wa kwako. Maelezo yangu hayakifuti kiti kile kitupu. Wala sikushauri ukifiche. Watu wataniambia tangazo la kumbukumbu si mahali pa malalamiko, nami nakubali, ila sentensi moja si lalamiko. "Hakuwapo kwenye mahafali yangu, alikuwa akimzalisha farasi Kilimanjaro Magharibi, na ada ya sekondari ililipwa Januari." Iache hapo, usiongeze neno. Mwenye kusoma atayaona yote mawili.

Kuna kishawishi kimoja nakuonya nacho. Utataka kuandika kwamba farasi wote aliwashika kwa ajili yenu, kwamba kila kilomita ilikuwa ya watoto. Sehemu kubwa ndiyo. Lakini mwanamke aliyepanda farasi bila tandiko kabla hajajua alifu alikuwa na kitu chake kabla hamjazaliwa, na nadhani asubuhi kule Siha, baridi inauma, farasi mchanga anakubali lijamu, kile chuma cha mdomoni, kwa mara ya kwanza, mama yako alikuwa na furaha ambayo haikuwahusu. Mruhusu awe nayo. Kumpenda mama si lazima kumgeuza mama saa zote ishirini na nne. Najua wapo watakaoniandikia kunipinga kwa sentensi hii. Karibuni.

Kwa mfano tu, usininakili: "Mama alizaliwa Lushoto mwaka 1948, binti wa saisi. Mwaka 1969 aliingia Tanga kwa treni na sanduku moja, baba yetu, na farasi jike mwekundu aliyekuwa mshahara wa babu. Alituzaa wanne na kutusomesha kwa punda na kwa kufundisha farasi wa watu. Jioni zote alifunga banda kabla ya Magharibi. Picha hii ni ya mwaka 1976. Juu ya farasi ni mwanawe wa kwanza, na aliyeshika hatamu ndiye yeye." Kisha majina yenu, saa ya dua, basi. "Mcha Mungu" kiweke kama kaka anakitaka. Nacho ni kweli, na kitamtuliza.

Ukipata nafasi niandikie alikuwa anamwita nani yule farasi. Umetaja kila kitu isipokuwa jina lake.

SWALI: Shangazi habari za kazi. Binti yangu anasoma Arusha, na likizo hii amekuja na habari kwamba amepanda farasi kwa rafiki yake, anataka kuendelea. Baba yake amekuja juu. Anasema msichana akipanda farasi anaharibika kizazi. Je, ni kweli? *Mama wa Korogwe*

JIBU: Si kweli, dada yangu. Kizazi hakiko kwenye tandiko. Mjamzito ndiye anayeshauriwa kuacha, na sababu ni kuanguka.

Mwambie shemeji kwamba Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alifundishwa kupanda farasi tangu utotoni pamoja na ndugu zake, na baadaye alizaa. Kama za kwetu hazimtoshi, mpe ya Denmark: Lis Hartel alishikwa na polio mwaka 1944 akiwa na mimba, akapooza chini ya magoti, akajifungua binti mwenye afya, akarudi kwa farasi wake. Mwaka 1952 Helsinki, Olimpiki ya kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana na wanaume katika mashindano ya kumwongoza farasi kwa mwendo wa madaha, alipata medali ya fedha. Ilibidi apandishwe na kushushwa, lakini akishakaa juu, ni yeye na farasi.

Kinachostahili hasira ya baba ni kingine: je, binti amepewa kofia ngumu? Kichwa kikigonga chini hakuna mjadala wa heshima utakaosaidia. Na avae suruali pana ndani, viatu vyenye kisigino kidogo ili mguu usipenye kwenye kikuku, pale pa kukanyagia, akaburutwa. Baba akitaka kugomba, agombee hayo.

SWALI: Mambo vipi Shangazi. Nina kiwanja karibu na ufukwe Pangani. Nataka kuleta farasi wawili wageni wapande wapige picha. Unanishauri nini? *Kijana wa Pangani*

JIBU: Salamu za "mambo vipi" nazipokea kwa sababu leo nina roho nzuri.

Farasi mmoja anakunywa lita 20 mpaka 40 za maji kwa siku, na kwenye joto lenu la Pangani weka hesabu ya juu. Maji ya kisima chenye chumvi hatayataka. Kwato zinahitaji kukatwa kila baada ya wiki sita mpaka nane na mtu anayejua, naye hutampata sokoni. Majani anakula karibu mchana kutwa na usiku, maana tumbo lake ni dogo na halipendi kukaa tupu. Ukimpa pumba nyingi kwa mkupuo kama ng'ombe, rudi juu usome habari ya tumbo lililonyamaza.

Lakini kabla ya hayo yote, wewe uko upande mmoja na pori la Saadani, na Saadani kuna ndorobo. Nenda kwa ofisa mifugo wa wilaya kabla hujatoa shilingi, umuulize kiwanja chako kiko wapi kwenye ramani yake ya ndorobo, na nani atakayekuja na sindano farasi akipandisha homa saa nane za usiku. Akikujibu vizuri, mtafute saisi, tena mlipe kwa wakati. Akisitasita, nunua punda wawili wazima, uwapige mswaki, uwawekee tandiko laini lisilochubua. Wageni watafurahi vile vile. Nawe usimpandishe mtu mzima mnene juu ya punda mdogo kwa sababu ametoa dola.